Kulipima jengo dhidi ya tetemeko mahali ambapo ardhi hutikisika mara chache

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu hivi alasiri, ardhi ya Kagera ilitikisika. Tetemeko lilikuwa la ukubwa wa 5.9 na chanzo chake kilikuwa kama kilomita 40 chini ya ardhi. Japani wangelitaja kwenye taarifa ya habari kisha wakaendelea na hali ya hewa. Huko Bukoba lilibomoa na kupasua maelfu ya nyumba, likaua watu zaidi ya kumi na watano, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikafungwa kwa sababu majengo yake hayakukalika tena.

Mimi nilifundishwa uhandisi kwa hesabu za upepo na uzito wa sakafu. Tetemeko lilipata nusu ya kipindi kimoja, kisha mwalimu akasema "huku kwetu si tatizo kubwa," tukafunga daftari. Hakusema uongo, ila alichanganya mambo mawili. Sehemu yenye matetemeko machache ni sehemu ambayo tetemeko huchelewa kuja. Likishafika halipigi kwa upole eti kwa sababu ni mgeni. Newcastle ya Australia ilipigwa tarehe 28 Desemba 1989 na tetemeko la 5.6, watu 13 wakafa katika mji ambao wajenzi wake hawakuwa wakilifikiria sana jambo hilo. Cairo mwaka 1992 ilikuwa 5.8, na waliokufa walizidi 500.

Mwongozo huu ni wa mhandisi anayechora majengo ya kawaida ya mijini, yale ya ghorofa moja hadi tatu. Mwenye jengo naye akiusoma atajua amuulize nini mhandisi wake. Natumia Eurocode 8, kiwango cha Ulaya cha kujenga dhidi ya matetemeko, kwa sababu ina mlango maalumu kwa sehemu zenye matetemeko machache, na hesabu yake inaingia kwenye ukurasa mmoja. Uganda wana kiwango chao, US 319 cha mwaka 2003. Ukijenga kule, anza nacho.

Hatua ya 1: Jua umesimama wapi

Anza na historia, maana ramani huzaliwa na historia. Tarehe 13 Desemba 1910 Rukwa ilipigwa na tetemeko la 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa Afrika katika karne ya 20. Subukia nchini Kenya lilikuja la 6.9 mwaka 1928. Toro, magharibi mwa Uganda, mwaka 1966 watu zaidi ya mia walikufa. Julai 2007 mfululizo wa mitikisiko karibu na volkano ya Oldoinyo Lengai uliwatoa watu maofisini hata jijini Nairobi. Na usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko la karibu 6 lilitokea baharini kusini-mashariki ya Dar es Salaam, watu wakashuka ngazi za maghorofa wakiwa na kanga na ndala. Kwa hiyo anayekwambia pwani haitikisiki, mkumbushe usiku ule.

Halafu fungua ramani ya hatari ya matetemeko. Ile ya dunia iliyotolewa na taasisi ya GEM (Global Earthquake Model) mwaka 2018 inapatikana bure mtandaoni. Unachotafuta ni mchapuko wa juu kabisa wa ardhi kwenye mwamba, ule wenye uwezekano wa asilimia 10 kupitwa ndani ya miaka 50. Huandikwa kama sehemu ya g, yaani mchapuko wa kitu kinachoanguka. Ukipata 0.08g, maana yake ardhi inaweza kulisukuma jengo kwa ubavu kwa nguvu ya asilimia 8 ya uzito wake, kabla jengo lenyewe halijaongeza mtikisiko huo.

Mipaka iko hivi. Thamani ya kwenye mwamba isipozidi 0.04g, Eurocode 8 inakuruhusu kuliacha tetemeko kando. Ikiwa kati ya 0.04g na 0.08g, uko kwenye sehemu ya matetemeko machache na njia fupi ya mwongozo huu inakufaa. Ikizidi hapo, kama kandokando ya Ziwa Tanganyika au Kivu, funga ukurasa huu ukafanye kazi nzima.

Ushauri wangu, na huu haumo kwenye kiwango chochote: thamani ikikaribia mpaka, panda ngazi ya juu. Kumbukumbu za vipimo vya matetemeko kwetu ni za miaka kama mia tu, na ramani inakisia tukio la wastani wa miaka 475.

Jengo lenyewe pia lina cheo chake. Nyumba ya kuishi au ofisi ya kawaida huzidishwa kwa 1.0, shule kwa 1.2 na hospitali kwa 1.4. Banda la mifugo ni 0.8.

Hatua ya 2: Udongo

Mwamba hupitisha mtikisiko kama ulivyo, lakini udongo laini huukuza. Ukiwa na kipimo cha nyundo, kile cha SPT, soma wastani wa mapigo kwa kila sentimita 30 za kushuka, katika mita 30 za juu. Zaidi ya 50 ni aina B, 15 hadi 50 ni aina C, chini ya 15 ni aina D. Vizidishi vyake, kwa maeneo yanayoweza kupata matetemeko makubwa ya bonde la ufa, ni 1.2 kwa B, 1.15 kwa C na 1.35 kwa D. Usishangae C kuwa chini ya B. C inalipa upande mwingine, kwa kuongeza urefu wa muda ambao majengo marefu hutikisika sana.

Huna kipimo, na mwenye kiwanja hataki kulipia? Chimba shimo la mita tatu, uangalie, kisha uchukue aina mbaya kuliko ile unayoidhania. Mfinyanzi mweusi wa mabondeni na mchanga wa pwani wenye maji karibu usiubahatishe kabisa. Huo unahitaji mtaalamu wa udongo hata kama hakuna tetemeko.

Hatua ya 3: Litazame umbo kabla ya kushika kikokotoo

Hatua hii haina hesabu na ndiyo inayookoa watu wengi. Chukua mchoro, utafute maradhi matatu.

La kwanza ni chini kutupu na juu kujaa. Mitaa yetu imejaa majengo haya: chini fremu za maduka, mbele wazi kabisa kwa milango ya kukunja, juu vyumba vilivyojaa kuta za matofali. Tetemeko likija, sehemu ya juu inakwenda kama sanduku moja gumu, na msukosuko wote unamalizikia kwenye nguzo za ghorofa ya chini. Dawa yake ni kuweka kuta za zege chini, kwa mfano kuzunguka ngazi na nyuma ya maduka, au kuziongeza nguzo za chini mwili na nondo. Kuziongeza kidogo hakutoshi.

La pili ni nguzo iliyofungwa nusu, ugonjwa wa madarasa. Ukuta unapanda hadi chini ya dirisha na kuibana nguzo pande zote mbili, kisha dirisha linaachwa refu kwa ajili ya hewa. Kwenye mchoro nguzo ina mita 3, lakini kwa kweli inayoweza kupinda ni mita 1 tu. Ugumu wa nguzo hupanda kadiri urefu wake unavyopungua, tena kwa kipeo cha tatu, kwa hiyo nguzo hiyo ni ngumu mara 27 kuliko mwenzake aliye huru, na kigumu ndicho kinachovuta nguvu. Itakatika mshazari kama muwa. Acha mwanya wa sentimita 2 au 3 kati ya ukuta na nguzo, uujaze kitu laini na uushike ukuta kwa vipande vya chuma. Vinginevyo, funga ringi (vyuma vyembamba vinavyozizunguka nondo) karibukaribu urefu wote wa nguzo.

La tatu ni jengo kujisokota. Lifti au ngazi ya zege ikiwekwa kona moja, kona hiyo inakuwa mhimili na kona ya pili inazunguka kama mlango kwenye bawaba. Ihamishe katikati, au uipe mwenzake upande wa pili.

Jengo likiwa na ugonjwa mmojawapo na mteja amekataa dawa, njia fupi ya hatua ya 5 haikufai tena. Itabidi utengeneze modeli kamili kwenye kompyuta. Mwambie mteja hivyo kwa maandishi.

Hatua ya 4: Pima uzito

Ukichukua jambo moja tu kwenye mwongozo huu, chukua hili: upepo husukuma uso wa jengo, tetemeko husukuma uzito wake. Ndiyo maana mazoea yetu ya upepo yanatudanganya. Godauni la mabati ni mateka wa upepo na tetemeko halilisumbui. Jengo fupi la zege na matofali ni kinyume chake.

Tuchukue mfano wa ofisi ya mita 20 kwa 10: sakafu ya chini na ghorofa mbili juu yake, zege hadi paa. Kila ngazi ina mita 3.2, kwa hiyo kimo ni mita 9.6. Nguzo ziko kila mita 5, jumla 15.

Kwa kila mita ya mraba ya ghorofa, kwa kN (kilonewton, kipimo cha nguvu na uzito):

- slabu ya milimita 150: kN 3.75
- vigae, sakafu ya kumalizia na dari: kN 1.25
- mihimili na nguzo zikitandazwa: kN 2.0
- kuta: mita 90 za ukuta wa tofali la nchi 6 wenye plasta pande zote, kimo mita 3, kN 3.4 kwa mita ya mraba ya ukuta. Ukigawa kwa mita za mraba 200 za sakafu unapata kN 4.6
- watu na samani: kN 3 kwenye usanifu wa kawaida, lakini tetemeko halitawakuta wote ndani, kwa hiyo chukua 0.3 yake, kN 0.9

Jumla kN 12.5, yaani kN 2,500 kwa ghorofa moja. Paa la zege, pamoja na nusu ya kuta zilizo chini yake na kizingo cha juu, tulikadirie kN 9 kwa mita ya mraba, jumla 1,800. Nusu ya chini ya kuta za sakafu ya chini inakwenda ardhini moja kwa moja, usiihesabu. Jengo zima lina kN 6,800.

Tazama kuta. Zaidi ya theluthi ya uzito wa ghorofa ni matofali yasiyobeba chochote. Kila ukuta wa kutenganisha vyumba utakaougeuza kuwa mbao au bodi ni nguvu uliyoiondoa kwenye nguzo bila kununua hata nondo moja. Paa nalo vivyo hivyo: ukiweka kenchi na mabati badala ya slabu, na kuacha mkanda wa zege wa juu ya kuta na nusu ya kuta zenyewe, paa linashuka hadi kama kN 600. Na yale matangi ya maji yanayopandishwa juu kabisa baada ya mhandisi kuondoka? Lita 5,000 ni kN 50 zikiwa mahali pabaya kuliko pote. Yahesabu tangu mwanzo, maana yatakuja tu.

Hatua ya 5: Hesabu ya ukurasa mmoja

Kwanza muda ambao jengo hutumia kwenda na kurudi mara moja. Kwa jengo la nguzo na mihimili ya zege, chukua kimo, kipandishe kwa kipeo cha 0.75, uzidishe kwa 0.075. Mita 9.6 zinatoa sekunde 0.41. Lingekuwa na kuta za zege, kizidishi kingekuwa 0.05 na muda sekunde 0.27. Kwenye udongo C, yote mawili yanaangukia kati ya sekunde 0.2 na 0.6, pale ambapo mtikisiko hukuzwa mara 2.5. Majengo yetu mengi mafupi huishi humo humo, kwa hiyo mabishano juu ya muda huu hayana faida kubwa.

Pili, nguvu. Tuseme ramani imetoa 0.08g, udongo ni C. Zidisha 0.08 kwa 1.15, unapata 0.092. Zidisha kwa 2.5, kisha ugawe kwa 1.5.

Hiyo 1.5 inahitaji maneno mawili. Ni punguzo linalotolewa kwa jengo kwa sababu lina uvumilivu kidogo kabla ya kuvunjika, hata lisipofungwa nondo kwa ustadi wa pekee. Penye matetemeko makubwa wahandisi hugawa kwa 3 au zaidi, lakini wanalipia punguzo hilo kwa ufungaji wa nondo wa kukesha. Sisi tunachukua punguzo dogo, nguvu inabaki kubwa, na ufungaji unabaki ule ambao mafundi wetu wanauweza. Nafikiri ni biashara ya haki.

Matokeo ni 0.153. Jengo lenye zaidi ya ngazi mbili hupata punguzo jingine la 0.85, kwa sababu uzito wote hautikisiki kwa pamoja. Basi:

0.153 × 0.85 × 6,800 = kN 886.

Jengo linasukumwa kwa ubavu kwa asilimia 13 ya uzito wake. Ungechagua paa la mabati ingekuwa kama kN 730.

Sasa linganisha. Upepo kwenye uso mrefu, mita za mraba 192, kwa kN 1 kwa kila mita ya mraba, ambayo ni ukarimu, ni kN 192. Uzidishe kwa 1.5 ya usalama, 288. Tetemeko halizidishwi tena, maana 886 tayari ni nguvu ya mwisho. Ukigeukia uso mfupi upepo unapungua nusu, tetemeko linabaki 886 lile lile. Na wale waliozoea BS 8110, kiwango cha zamani cha Uingereza cha majengo ya zege, watakumbuka ile nguvu ya kubuni ya asilimia 1.5 ya uzito wa jengo tupu: hapa ni kN 97. Majengo mengi mijini kwetu yamesimama kwa 97 hiyo. Yamesimama kwa sababu hayajaulizwa swali.

Hatua ya 6: Peleka nguvu ghorofani, kisha ziulize nguzo

Nguvu hugawanywa kwa uzito mara kimo. Ghorofa ya kwanza 2,500 × 3.2 = 8,000, ya pili 2,500 × 6.4 = 16,000, paa 1,800 × 9.6 = 17,280. Jumla 41,280. Kwa hiyo kN 172, 343 na 371. Paa ndilo jepesi kuliko wenzake na bado linabeba mzigo mkubwa kuliko wote, kwa sababu liko juu.

Ongeza msokoto wa bahati mbaya. Uzito haukai katikati kamili hata jengo likiwa la mraba safi, kwa hiyo safu za nguzo za pembeni kabisa huzidishwa kwa 1.3.

Chini kabisa, 886 kwa nguzo 15 ni kN 59 kila moja, kwa wastani. Za kati zitachukua zaidi. Mahali nguzo inapogeuza mpindo ni kama katikati yake, kwa hiyo momenti, yaani nguvu ya kupindisha (nguvu mara umbali), ni 59 × 1.6, karibu kNm 94. Nguzo yetu ya mazoea, milimita 230 kwa 230 na nondo nne za milimita 16, ikiwa na mzigo wake wa wima itahimili kama nusu ya hiyo. Hapo ndipo hesabu ya ukurasa mmoja inapolipa gharama yake.

Una njia mbili. Kunenepesha nguzo, pengine hadi 300 kwa 400 zenye nondo nane, ukikumbuka kugeuza baadhi ziangalie upande wa pili wa jengo. Au kuweka kuta za zege, mbili kila uelekeo, za mita 3 kwa milimita 200. Mimi hupenda kuta, lakini zina deni msingini. Momenti ya kulipindua jengo hili ni kama kNm 6,300, hivyo kila ukuta unapeleka 3,150 ardhini. Ukiuketisha juu ya msingi mdogo wa nguzo moja utaunyanyua upande mmoja. Unganisha msingi wake na wa nguzo za jirani.

Misingi yote iunganishwe kwa mihimili ya ardhini pande zote mbili. Nguvu ya kuivuta ni ndogo, kama kN 17 kwa nguzo yenye mzigo wa kN 450, kwa hiyo mhimili wa kawaida unatosha. Kosa ni kutokuwepo.

Hatua ya 7: Kuyumba

Chukua ugumu wa zege nusu tu, kwa sababu litapasuka. Tafuta ghorofa moja inaipita iliyo chini yake kwa milimita ngapi, uzidishe kwa 1.5. Kwa kuta za matofali zilizobanwa ndani ya nguzo, kimo cha mita 3.2 kinaruhusu milimita 32. Ukipita hapo, rudi hatua ya 6.

Hatua ya 8: Viungo, ambavyo havionekani kwenye kompyuta

Nguzo hufa kwenye ncha zake. Sentimita 50 za juu na za chini, ringi ziwe kila sentimita 10, katikati zinaweza kuachana zaidi. Ncha ya ringi ikunjwe ielekee ndani ya zege, nyuzi 135. Ukikunja nyuzi 90 tu, zege la nje likibanduka ringi inafunguka na nondo zinatoka kama vidole. Fundi atakwambia kukunja hivyo kunachosha mkono. Ni kweli, kunachosha. Mlipe.

Maungio ya nondo za nguzo huwekwa juu tu ya slabu kwa sababu ndipo panapofikika kirahisi, na ndipo momenti ilipo kubwa kuliko pote. Yapandishe katikati ya nguzo. Ringi zipite pia ndani ya kiungo cha nguzo na mhimili. Kwenye kazi moja niliyokwenda kuikagua, ringi zilisimama chini ya mhimili na kuanza tena juu ya slabu, na pale katikati hapakuwa na kitu. Mkandarasi alishangaa swali langu kuliko nilivyoshangaa mimi.

Hatua ya 9: Vinavyoanguka ovyo

Vizingo vya matofali juu ya paa, mabango, matangi na ule ukuta wa pembetatu unaofunga paa kwenye ncha za nyumba huua watu hata nguzo zikibaki salama. Vifungwe kwa zege au chuma. Ukuta wa pembetatu uuvike mkanda wa zege wa mshazari, au uuache uwe wa mbao na bati.

Hatua ya 10: Kama ni nyumba ya chini ya matofali

Hapa hakuna haja ya hesabu zote hizo, na hapa ndipo Kagera ilipoumia. Matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa udongo, bila mkanda, paa limekaa tu juu ya ukuta. Kona zilifunguka, kuta zikaangukia nje.

Nyumba kama hiyo ipewe fremu ndogo, na sasa sisemi fremu ya duka. Kila kona, kila makutano ya kuta, na kando ya kila mlango au dirisha lenye zaidi ya mita ya mraba 1.5, weka nguzo ndogo ya zege isiyopungua milimita 150 kwa 150, yenye nondo nne za milimita 10 na ringi kila sentimita 15. Zisiachane zaidi ya mita 5. Mkanda uzunguke nyumba nzima juu ya kuta bila kukatika, hata juu ya kuta za ndani, na nondo za nguzo zipande ziingie ndani yake. Renta za madirisha ziunganishwe ziwe mkanda wa pili kama mfuko unaruhusu. Kenchi zifungwe kwenye mkanda kwa chuma kilichozikwa ndani ya zege.

Mpangilio wa kazi ni muhimu kuliko unavyodhani. Watu wengi humwaga nguzo kwanza, kisha wanajaza matofali katikati, na kati ya zege na tofali unabaki mstari ambao unga wa plasta tu ndio unaouficha. Geuza: simamisha nondo, jenga ukuta ukiacha kingo za matofali zimetokeza na kuingia kama meno, kisha mwaga zege kati ya kuta. Zege linashika meno, na ukuta na nguzo vinakuwa kitu kimoja.

Bei haiongezeki kama watu wanavyoogopa, kwa sababu mbao za kufungia zege zinahitajika pande mbili tu. Pande nyingine ni ukuta wenyewe. Siku ya kumwaga mkanda uwepo wewe mwenyewe, uhesabu nondo kwenye kona, na uone kwamba zimepinda na kuingia upande wa pili angalau sentimita 50 kabla mchanganyiko haujashushwa.